Njia Zetu na Jirani Zetu

Somo la mwezi kwa vikundi vya Umoja wa Mama, vijana, wanakwaya na wote wapendao kujifunza



Mwezi huu tunaleta somo juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu hulifanya kila siku bila kulifikiri, yaani kwenda na kurudi. Twaenda kazini, sokoni, shuleni, hospitali, msibani na kanisani. Wengi wetu twaenda kwa miguu au kwa daladala, wengine kwa pikipiki, na wengine, ambao bado ni wachache lakini wanaongezeka, kwa motokaa zao wenyewe.

Huenda mtu akauliza: Je, barabara ina habari gani ya kujifunza katika gazeti la kanisa? Jibu letu ni hili. Namna tunavyokwenda ndiyo inayoamua ni nani tutakayemjua kuwa jirani, kama mtoto atavuka salama kwenda shule, na ni hewa gani wajukuu wetu watakayoivuta. Basi na tulisome somo hili polepole, fungu kwa fungu. Mwishoni yako maswali ya kuzungumza.

1. Miji iliyopimwa kwa miguu

Tuanze na miji ya pwani yetu. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar viko vichochoro vingi ambavyo motokaa haiwezi kupita hata kama dereva angetaka. Nyumba zinatazamana kwa karibu, na nyingi zina baraza za mawe mbele ya mlango. Katika mji wa kale wa Lamu mizigo ingali inabebwa na punda na watu. Miji hii miwili imewekwa katika orodha ya urithi wa dunia, Zanzibar mwaka 2000 na Lamu mwaka 2001, nayo huvuta wageni kutoka kila nchi.

Wageni hao hutazama milango na nakshi. Sisi na tutazame jambo jingine. Waliojenga miji hii waliipima kwa mguu wa mtu. Soko, shule, nyumba ya ibada na bandari vyote vilikuwa mwendo mfupi. Mtu akitoka nyumbani hupita mbele ya baraza za wenzake, na akipita hana budi kusalimu. Akienda sokoni na kurudi amekwisha kusikia nani anaumwa, nani amejifungua na nani amefiwa. Na yeye mwenyewe asipoonekana siku mbili, watu watauliza habari zake.

Hatusemi kwamba miji ya zamani ilikuwa pepo. Ilikuwa na maradhi na dhuluma zake. Twasema hivi tu: ujirani ule haukutokea kwa sababu watu wa zamani walikuwa na mioyo mizuri kuliko sisi. Ulitokea kwa sababu njia ziliwakutanisha.

2. Jinsi mji ulivyonyoshwa

Sasa tuutazame mji wa Dar es Salaam. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1967 ulikuwa na watu wapatao 270,000. Katika hesabu ya mwaka 2022 walikuwa zaidi ya milioni 5.3. Watu hao walihitaji mahali pa kulala, nao wakajenga kwa kuifuata barabara ya Bagamoyo, ya Morogoro, ya Pugu na ya Kilwa. Kiwanja cha bei nafuu kikawa mbali, na kila mwaka kikawa mbali zaidi. Lakini ofisi nyingi, masoko makubwa na hospitali kubwa zikabaki kule kule katikati, Posta, Kariakoo na kandokando yake. Kwa hiyo mtu wa Mbagala au Bunju hana budi kusafiri asubuhi na kusafiri tena jioni.

Usafiri wenyewe ulikuwa wa shida tangu zamani. Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, liliundwa mwaka 1974, lakini mabasi hayakutosha watu. Mwaka 1983 serikali iliruhusu mabasi ya watu binafsi, ndiyo hayo tuyaitayo daladala. Yametusaidia sana, lakini ni nani asiyejua kusukumana kwake?

Ndipo mtu akipata fedha kidogo hununua motokaa. Hatumlaumu. Amechoka kusimama juani, ana watoto wa kupeleka shule, au anarudi usiku na anaogopa. Lakini tazameni linalofuata. Motokaa zikiongezeka, foleni huongezeka. Daladala na motokaa hukwama katika foleni ile ile. Daladala likichelewa, abiria huteseka zaidi, na kila anayeweza humfuata mwenzake kununua motokaa. Kila mmoja ametafuta nafuu yake peke yake, na wote pamoja wamekosa nafuu.

3. Gharama tatu

Mwenye motokaa anajua gharama ya mafuta, ya matengenezo na ya bima. Lakini ziko gharama tatu ambazo halipi yeye peke yake. Twazilipa sote.

(a) Moshi. Lita moja ya petroli ina uzito wa kama robo tatu ya kilo. Ikiungua hutoa kama kilo 2.3 za hewa ya ukaa. Mtu atashangaa: yawezekanaje moshi uwe mzito kuliko mafuta yenyewe? Sababu ni kwamba ukaa uliomo ndani ya petroli hushikana na oksijeni ya hewani wakati wa kuungua, na uzito huongezeka. Hewa hiyo haionekani, lakini hukaa juu ya dunia kama blanketi na kuzuia joto lisitoke. Wataalamu wa mataifa walihesabu kwamba mwaka 2019 usafiri wa kila namna ulitoa karibu robo ya hewa ya ukaa itokanayo na nishati duniani, na sehemu kubwa ya hiyo ni ya magari ya barabarani.

Tufanye hesabu ya mfano. Mtu anakaa kilomita 20 kutoka kazini, naye huenda peke yake katika motokaa inayokwenda kilomita 10 kwa lita moja. Kwa siku hutumia lita 4, na hutoa kilo 9 na zaidi za hewa ya ukaa. Kwa siku 22 za kazi ni kilo 200 hivi. Kwa mwaka zinapita tani mbili. Sasa chukueni basi lenye abiria 40, linalotumia lita moja ya dizeli kwa kilomita 3. Dizeli hutoa kilo 2.7 kwa lita. Mkigawanya moshi wa basi hilo kwa watu wake, kila mmoja kwa safari ile ile ya kwenda na kurudi hafikishi hata kilo moja. Na anayekwenda kwa miguu au kwa baisikeli, injini yake ni chakula alichokula asubuhi.

Mtanzania wa kawaida, ukigawanya hewa ya ukaa yote ya mafuta yanayounguzwa nchini, hafikishi nusu tani kwa mwaka. Kwa hiyo si kweli kwamba wote tunachafua sawa. Wala si haki tuwaambie wanaotembea kwa miguu wapunguze. Wa kupunguza ni wale wenye cha kupunguza. Nasi tukumbuke kwamba nchi tajiri zilianza kuunguza mafuta zamani na zimeunguza mengi zaidi yetu. Hilo ni deni lao. Lakini moshi wa barabara zetu, kabla haujaifikia dunia, huingia kwanza katika vifua vya watoto wetu na vya akina mama wauzao chakula kandokando ya barabara.

(b) Damu. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2021 watu wapatao 1,190,000 walikufa barabarani katika dunia nzima. Zaidi ya nusu walikuwa waenda kwa miguu, wenye baisikeli na wenye pikipiki, yaani watu wasio na bati la kuwakinga. Kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, ajali za barabarani ndizo zinazoua kuliko ugonjwa wowote mmoja. Katika Nairobi, jirani zetu, karibu safari 4 katika kila 10 hufanywa kwa miguu tu, na hali ya miji yetu haiko mbali na hiyo. Lakini nani anayetengenezewa njia pana? Mara nyingi mwenda kwa miguu huachiwa ukingo wa mtaro.

(c) Ujirani. Gharama hii ya tatu haiandikwi katika vitabu vya serikali, lakini kwetu ni kubwa. Kuanzia mwaka 1969 mtaalamu mmoja wa mipango ya miji, Donald Appleyard, alichunguza na wenzake njia tatu za mji wa San Francisco, Marekani. Watu wake walifanana, ila magari yalitofautiana. Njia ya kwanza ilipitiwa na magari kama 2,000 kwa siku, ya pili kama 8,000, na ya tatu kama 16,000. Waliwauliza wakazi: una marafiki wangapi katika njia yako? Kwenye njia ya magari machache mtu alikuwa na marafiki 3 kwa wastani, na watu 6 wengine aliowafahamu. Kwenye njia ya magari mengi hakufikisha hata rafiki mmoja, na aliowafahamu walikuwa 3 tu. Watu wa njia ya kwanza walisema mtaa mzima ni kwao. Watu wa njia ya tatu waliona kwao ni ndani ya mlango wao tu. Bwana Appleyard mwenyewe aligongwa na gari lililokuwa likienda mbio, akafa huko Athens mwaka 1982.

Tujipime sisi wenyewe kwa habari hiyo. Mtu anayetoka nyumbani akiwa amefunga vioo, akafungua geti kwa honi na kurudi usiku vivyo hivyo, atawajuaje jirani zake? Nao watamjuaje? Siku akifikwa na msiba au mgonjwa akazidiwa saa nane ya usiku, ndugu zake wako ng'ambo ya mji. Wazee walisema fimbo ya mbali haiui nyoka.

4. Wengine walifanya nini?

Mtu atasema: mji umekwisha kuwa hivyo, tufanyeje? Basi tuone mifano ya watu waliogeuza njia zao.

Uholanzi. Wengi hudhani Waholanzi walipanda baisikeli tangu zamani bila kuacha. Sivyo. Baada ya vita kuu ya pili walianza kuipanua miji kwa ajili ya motokaa kama wengine. Mwaka 1971 watu wapatao 3,300 walikufa barabarani katika nchi hiyo ndogo, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi wakaingia njiani kudai kwamba watoto wasiuawe tena. Kisha mafuta yakaadimika, na kuanzia tarehe 4 Novemba 1973 hadi Januari 1974 serikali ikazuia motokaa siku za Jumapili. Watu wakatembea katikati ya barabara kuu, wakaona mji wao kwa macho mapya. Ilichukua miaka mingi ya kujenga njia za baisikeli na kupunguza mwendo wa magari. Leo zaidi ya robo ya safari za nchi hiyo ni za baisikeli, na wanaokufa barabarani kwa mwaka hawafiki 800.

Wazee wetu wa Tanzania hawatashangazwa na habari hiyo. Wao wanazikumbuka Jumapili za miaka ya shida ya mafuta, hata mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambapo motokaa za binafsi zilikatazwa kutembea baada ya saa nane ya mchana. Ilikuwa amri ya dhiki, wala hatuitamani dhiki irudi. Lakini waulizeni jinsi barabara zilivyokuwa kimya jioni hizo.

Kuna waliochagua Jumapili ya namna hiyo bila kulazimishwa na dhiki. Mji wa Bogotá, Kolombia, ulianza Desemba 1974 kufunga baadhi ya barabara ili watu watembee na kupanda baisikeli, na sasa hufunga zaidi ya kilomita 100 kila Jumapili. Na hapa karibu, Kigali ilianza mwaka 2016 kuwa na asubuhi moja ya Jumapili kila mwezi bila motokaa katika barabara fulani. Mwaka 2018 zikawa mbili kwa mwezi. Wakubwa na wadogo hukimbia na kunyosha viungo pamoja.

Dar es Salaam nayo ilijifunza kwa Bogotá jambo jingine, mabasi yenye njia zake peke yake. Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yalianza kutembea kutoka Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi ya Kariakoo na Morocco, jumla ya kilomita 21 hivi. Safari ya Kimara hadi mjini iliyoweza kula saa mbili ilishuka hadi kama dakika 45. Kandokando zilijengwa njia za waenda kwa miguu na za baisikeli. Baadaye yalikuja masumbuko: mabasi 140 ya mwanzo hayakutosha, mengine yakaharibika, na karakana ya Jangwani ikafurika maji ya mvua mara kwa mara. Tusikate tamaa kwa hayo, bali tujifunze. Kujenga njia ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuyatunza mabasi na kuyafanya yatoshe, na hilo tuna haki ya kulidai.

Uko pia mfano mdogo, nao ni mzuri kuliko yote kwa sisi watu wa kawaida. Katika baadhi ya shule za msingi za Dar es Salaam yaliwekwa matuta, vivuko, njia za miguu na nguzo za kuzuia magari. Vitu hivi si vya bei kubwa. Walipopima, walikuta watoto wanaoumizwa barabarani wamepungua kwa karibu robo. Mwaka 2019 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya miji.

5. Yatupasayo sisi

Hatukuandika somo hili ili kumwaibisha mwenye motokaa. Yuko mgonjwa, mlemavu, mzee, mama mwenye mtoto mchanga na muuguzi wa zamu ya usiku, ambao kwao motokaa ni msaada wa kweli. Barabara ikipunguziwa motokaa zisizo za lazima, hao ndio watakaopita kwa urahisi. Wala tusijidanganye kwamba motokaa za umeme peke yake zitamaliza neno hili. Zitapunguza moshi, na hilo ni jema. Lakini foleni ya motokaa za umeme ni foleni vile vile, na mtoto akigongwa nayo ameumia vile vile.

Basi twapendekeza mambo haya:

Kwanza, safari fupi tuziendee kwa miguu. Kilomita mbili ni mwendo wa nusu saa tu. Duka, saluni, mikutano ya nyumba kwa nyumba, haya hayahitaji petroli.

Pili, wenye motokaa wachukuane. Watu wanne wa njia moja waendao kazini au kanisani hawahitaji motokaa nne. Na akiwapo mzee njiani, apewe nafasi.

Tatu, tuutazame uwanja wa kanisa. Katika makanisa mengi ya mjini, mahali pa watoto kucheza na penye kivuli cha mwembe pamekuwa pa kuegesha magari. Baraza la kanisa lijadili hili kwa uwazi: ni sehemu gani ya uwanja ibaki ya watu? Tena chuma cha kufungia baisikeli ni kazi ya siku moja ya fundi.

Nne, nyakati za mikutano na mazoezi ya kwaya zipangwe ili waendao kwa miguu wafike kwao kabla ya giza. Mara nyingi saa hupangwa na wenye motokaa, na wengine hunyamaza.

Tano, tuende pamoja kwenye serikali ya mtaa, pamoja na jirani zetu Waislamu na wa madhehebu mengine, kuomba kivuko na matuta mbele ya shule. Mtoto wa jirani haulizwi dini yake anapovuka barabara.

Sita, sisi tunaoendesha tusimame kwenye kivuko. Halihitaji bajeti wala mkutano.

Saba, anayetafuta kiwanja au chumba asiulize bei tu. Aulize: shule iko wapi, zahanati iko wapi, basi linasimama wapi? Kiwanja rahisi kilicho mbali hulipiwa kila siku kwa nauli na kwa saa za maisha.

Maswali ya kuzungumza

1. Taja majina ya watu kumi wanaokaa karibu nawe. Je, uliwafahamu kwa njia gani?

2. Katika kanisa letu, ni nani wanaofika kwa taabu kuliko wote, na je, tumewahi kuwauliza?

3. Mahali gani katika mtaa wetu pana hatari kubwa kwa watoto wanaovuka? Ni nani mwenye madaraka ya kupatengeneza?

4. Ni safari zipi za motokaa ambazo mwaweza kuziacha bila kuumia? Ni zipi ambazo haziwezekani kuachwa, na kwa nini?

Kazi ya mwezi

Kila mmoja achukue karatasi na aandike safari zake zote za juma moja: alikwenda wapi, kwa chombo gani, na alisalimiana na nani njiani. Mwisho wa juma kikundi kikae pamoja na kuzilinganisha karatasi hizo. Kisha kichague safari moja tu ya kubadili, na kituletee habari zake. Tutazipiga chapa katika gazeti letu, ili na vikundi vingine vifaidike.